Gesi ya Friji Haiishi

Mama mmoja anayeuza samaki karibu na mwalo wa Kirumba, hapa Mwanza, aliniita mara nne katika kipindi cha miezi minane, na mara zote nne nilimwambia maneno yale yale: "Mama, gesi imeisha." Alikuwa na friza kubwa, ile inayofunguliwa kwa juu, aliyohifadhia sangara na sato wa kuwauzia wenye migahawa. Kila nilipofika nilikuta barafu imeyeyuka kwenye kuta za friza, maji yenye damu ya samaki yametuama chini, na mama amekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, mkono shavuni. Nilifunga geji, nikajaza gesi, nikasubiri bomba lishike ubaridi, nikapokea fedha yangu na kuondoka. Kila mara alinishukuru. Ninaanza na kisa hiki kwa sababu ndicho kilichonionyesha kwamba neno "imeisha", ambalo sisi mafundi wa majokofu hulitamka karibu kila siku, si la kweli, na kwamba kazi ya kuwaelimisha watu wa ukanda huu wa ziwa kuhusu ozoni, ile hewa ya juu angani inayotukinga na miale mikali ya jua, na kuhusu umeme haiwezi kwenda mbele neno hilo likiwa bado vinywani mwetu.

Ufundi nilijifunza kwa kukaa miguuni pa fundi aliyenitangulia, katika karakana ndogo ya mabati maeneo ya Mabatini. Alikuwa mtu mkarimu na mwenye mikono myepesi, na alinipa alichokuwa nacho. Friji ilipoletwa, tulikata bomba la shaba kwa koleo, gesi iliyobaki ikatoka kwa mlio wa kufoka na kupotelea hewani, kisha tukachomelea, tukapuliza ndani gesi mpya kidogo ili ifukuze hewa, na hatimaye tukajaza huku tukipapasa bomba la kurudia kwa kiganja ili kujua kama imetosha. Hatukuwa na mizani. Pampu ya kuvuta hewa hatukuwa nayo pia. Waliojitahidi zaidi walitumia kompresa ya friji iliyokufa. Hakuna aliyetuambia kwamba gesi ile inapaswa kukusanywa kwenye mtungi, wala kwamba hewa na unyevu vilivyobaki ndani ya mabomba vinakula kompresa taratibu mpaka iungue. Mteja alipouliza kilichoharibika tulimjibu kwamba gesi imeisha, naye alielewa mara moja, kwa maana nyumbani kwake gesi ya kupikia huisha, mafuta ya taa huisha, na uniti za luku huisha.

Miaka mingi baadaye nilipata nafasi ya kuhudhuria mafunzo ya siku tano yaliyowakusanya mafundi kutoka mikoa ya Kanda ya Ziwa. Nilikwenda kwa ajili ya cheti, nalisema hilo bila kuficha, kwa sababu wateja wa maofisini walikuwa wameanza kudai vyeti. Asubuhi ya kwanza mkufunzi alituuliza swali moja tu: "Gesi ya friji hutumika kufanya nini hata iishe?" Darasa zima likanyamaza. Tulikuwa watu wazima, baadhi yetu tukiwa na zaidi ya miaka 20 kazini, na hakuna aliyekuwa na jibu, kwa sababu jibu halipo. Gesi ndani ya jokofu haichomwi wala hailiwi. Kompresa huisukuma ikiwa na mgandamizo mkubwa hadi kwenye kondensa iliyo nyuma, hapo hutoa joto na kugeuka kimiminika. Kisha hupita kwenye kapilari nyembamba, mgandamizo ukashuka ghafla, ikachemka ndani ya mabomba ya baridi na kunyonya joto la vilivyomo, halafu ikarudi kwenye kompresa kuanza upya. Inazunguka kama damu inavyozunguka mwilini, na jokofu lililotengenezwa vizuri linaweza kufanya kazi miaka 20 kwa gesi ile ile lililotoka nayo kiwandani. Mkufunzi alituuliza kama tumewahi kumpeleka mgonjwa hospitali tukasema damu yake imeisha, bila mtu yeyote kuuliza imemwagikia wapi.

Usiku ule sikulala vizuri. Nilikuwa nikiihesabu mitungi.

Mtungi wa kawaida wa gesi ya R-22, ambayo sisi huiita "ishirini na mbili", hubeba kilo 13.6. Gesi hiyo ina klorini, na inapofika juu sana angani, kwenye tabaka la ozoni lililo kati ya takribani kilomita 15 na 35 kutoka ardhini, miale mikali ya jua huivunja na kuiachia ile klorini. Chembe moja ya klorini huvunja ozoni, ikajinasua, ikavunja nyingine, na inaweza kuendelea hivyo hadi kuharibu takribani molekuli 100,000 kabla haijatulizwa. Mario Molina na Sherwood Rowland waliueleza mwenendo huu mwaka 1974, walipochunguza gesi za jamii ya R-12 zilizokuwa zikitumika katika majokofu na makopo ya kupulizia dawa na manukato, na mwaka 1985 wanasayansi wa Uingereza wakatangaza kwamba ozoni juu ya Antaktika ilikuwa ikipungua kwa kiasi cha kutisha kila majira ya kuchipua ya huko. Itifaki ya Montreal, mkataba wa mataifa wa kusitisha gesi zinazoharibu ozoni, ilitiwa saini tarehe 16 Septemba 1987, na ndiyo maana siku hiyo huadhimishwa kila mwaka kuwa Siku ya Ozoni Duniani. Tanzania ilijiunga nayo mwaka 1993. R-12, ambayo niliijaza kwa mikono yangu nilipokuwa mwanafunzi, ilisitishwa katika nchi zinazoendelea ifikapo mwaka 2010. R-22 hudhuru ozoni kwa kiasi kidogo zaidi, lakini nayo imo kwenye ratiba: nchi kama yetu zilitakiwa kupunguza matumizi ya gesi za jamii yake kwa asilimia 67.5 ifikapo 2025, na ifikapo 2030 kibaki kiasi kidogo sana cha kuhudumia mitambo ya zamani.

Lipo pia la pili, ambalo ndilo lililonigusa zaidi. Kilo moja ya R-22 ikiachwa hewani hupasha joto dunia sawa na kilo 1,810 za hewa ya ukaa katika kipindi cha miaka 100. Mtungi mmoja, basi, ni karibu tani 25. R-410A, iliyokuja kuchukua nafasi yake kwenye viyoyozi, haigusi ozoni hata kidogo, na kwa muda mrefu mimi na wenzangu tuliisifu kwa wateja kuwa ni "gesi safi"; kumbe katika kupasha joto inafikia 2,088, zaidi ya ile tuliyoiacha. Gesi ya 134a, iliyo kwenye friji nyingi za majumbani, ni 1,430. Ndiyo sababu mataifa yalikutana Kigali, jirani yetu kabisa, mwezi Oktoba 2016, yakakubaliana kuzipunguza hizi nazo kwa awamu. Upande mwingine wa orodha ya vipimo hivyo nilikuta isobyuteni na propeni, ambazo kipimo chake ni kama 3 tu. Nilitazama tarakimu hizo nikakumbuka koleo la karakana ya Mabatini na ule mlio wa kufoka.

Nilirudi Kirumba bila kuitwa. Nilimwamkia mama, nikamwomba ruhusa ya kuikagua friza yake bila malipo, naye akashangaa, kwa sababu siku hiyo ilikuwa inagandisha vizuri. Niliazima mtungi wa naitrojeni, nikaikusanya gesi iliyokuwamo, nikaingiza naitrojeni kwa mgandamizo wa kutosha, kisha nikapaka povu la sabuni kila kiungo, kuanzia kwenye kompresa kuelekea nyuma. Povu halikusema kitu kwenye viungo vya kiwandani. Lilichemka taratibu, viputo vidogo kama vya soda, kwenye valvu ya kujazia gesi, ambayo kiini chake kilikuwa kimelegea na kifuniko chake hakikuwapo. Valvu hiyo haikutoka kiwandani. Niliiweka mimi, siku ya kwanza nilipoitwa, na sikuifunika kwa sababu sikuona umuhimu wa kifuniko. Kwa miezi minane mama yule alikuwa akinunua kwangu gesi iliyokuwa ikipita kwenye tundu nililolitoboa mwenyewe, na samaki wake waliooza katikati ya safari hizo nne waliozea pale pale.

Nilimweleza hivyo hivyo, bila kupunguza. Alinyamaza kidogo, akasema, "Kwa hiyo fundi, hata leo ungejaza tu, ningekushukuru." Niliiondoa valvu, nikabana bomba na kulichomelea, nikavuta hewa yote kwa pampu, nikapima gesi kwa mizani kulingana na gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko cha friza. Sijaitwa tena pale kwa tatizo la gesi.

Jambo ambalo sikulitarajia lilikuwa la umeme. Baada ya wiki mbili mama alinipigia simu kuniambia kwamba luku yake imeanza "kukaa". Nilipotafakari nikaona ni jambo la wazi kabisa. Friza yenye gesi pungufu haizimiki. Thamostati husubiri ubaridi usiofika, na kompresa huunguruma usiku na mchana ikila umeme bila kuleta barafu. Uvujaji ule ule uliokuwa ukipanda angani ulikuwa ukishuka pia kwenye mita ya mama, na hapo ndipo nilipoona kwamba habari ya ozoni na habari ya umeme ni habari moja.

Jambo hilo ndilo lililobadili namna yetu ya kuwaelimisha watu. Mwanzoni, mimi na mafundi wenzangu watatu tuliojitolea kuzunguka kwenye mialo tulikuwa tukianza na ozoni. Tulikwenda Igombe na Kayenze na picha ya dunia iliyozungukwa na duara la buluu, tukaeleza miale ya urujuanimno, saratani ya ngozi na mtoto wa jicho. Akina mama walitusikiliza kwa heshima, wakatupa maji ya kunywa, wakarudi kwenye samaki wao. Sikuwalaumu. Mtu anayewaza mkopo wa kikundi unaotakiwa Ijumaa hawezi kubeba habari ya Antaktika kwa mara ya kwanza akaipa nafasi moyoni. Tulipobadilisha mpangilio, tukaanza kwa kuuliza nani kati yao amejaziwa gesi zaidi ya mara moja kwa mwaka, mikono ilipanda mingi kiasi kwamba tulikosa la kusema kwa muda. Kutoka hapo maswali yalikuwa yao. Imevujia wapi? Fundi alitafuta? Kwa nini nimelipia? Na gesi ile imekwenda wapi? Swali la mwisho ndilo lililotufikisha angani, na safari hii walitufuata wenyewe.

Tuliwafundisha mambo ambayo hayahitaji fundi. Kubwa kuliko yote lilikuwa jiko. Wakaangaji wa samaki wengi huweka friza hatua mbili kutoka kwenye jiko la mkaa, kwa sababu banda ni dogo na samaki hutolewa humu na kuingizwa mle. Friza inayojitahidi kutoa joto kwa nyuma huku ikipokea joto la mkaa kwa mbele haiwezi kupumzika. Kuhamisha friza kwenda ukuta wa pili, na kuacha nafasi ya kiganja kimoja na nusu nyuma yake ili hewa ipite, ni kazi ya dakika kumi. La pili lilikuwa vumbi na magamba yaliyoganda kwenye kondensa, ambayo brashi laini huyaondoa. La tatu, raba ya mlango: weka kipande cha karatasi, funga, vuta, karatasi ikitoka bila kukaza, baridi nayo inatoka hapo usiku kucha. Tuliwaomba pia waandike namba ya luku alfajiri, na tena alfajiri inayofuata, kabla na baada ya mabadiliko hayo. Mabibi wawili wasiojua kusoma waliwapa wajukuu zao kazi hiyo, na wajukuu hao, nakiri, wamekuwa wakali kuliko sisi katika kufuatilia mlango wa friza ulioachwa wazi.

Kuhusu kung'oa barafu kwa kisu, sijui niseme mara ngapi. Mabomba ya baridi yako nyuma ya bati jembamba sana la ukuta wa ndani, na ncha ya kisu ikilipenya, friza inaweza kuwa imekufa kwa gharama ambayo haifai hata kutengeneza. Zima, acha mlango wazi, weka sufuria ya maji ya moto ndani, subiri.

Siku moja Kayenze mwanamke mmoja, mama wa mtoto mwenye ualbino, aliuliza kama ozoni ikipona mwanawe ataweza kucheza nje bila kofia. Lilikuwa swali zito, na nilijua nisipolijibu kwa uaminifu nitakuwa nimerudia kosa la valvu. Nilimwambia kwamba Mwanza iko karibu na ikweta, kwenye nyuzi kama mbili na nusu tu kusini mwake, tena juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo jua letu lina nguvu hata ozoni ikiwa salama kabisa. Kofia, mikono mirefu na mafuta ya kukinga jua vitabaki kuwa lazima kwa mwanawe. Nilimwambia vilevile kwamba upungufu mkubwa wa ozoni umetokea kwenye ncha za dunia, na kwamba kuilinda kumezuia jua hili tulilo nalo lisiwe kali zaidi kwa kila mtu, na zaidi kwa mtoto kama wake. Tathmini ya kimataifa iliyotolewa mwanzoni mwa 2023 ilikadiria kuwa tabaka hilo litarudi katika hali ya mwaka 1980 ifikapo takribani 2040 kwa sehemu kubwa ya dunia, na takribani 2066 juu ya Antaktika, iwapo tutaendelea kushika tulichoahidi. Aliuliza mtoto atakuwa na miaka mingapi mwaka 2040. Tulihesabu pamoja.

Sasa niseme habari ya moto, kwa kuwa mafundi vijana watasoma haya. Friji nyingi mpya zinazoingia madukani hutumia isobyuteni, yaani R-600a. Ni gesi nzuri: haidhuru ozoni, haipashi joto dunia kwa kiasi cha kuogopwa, na friji zake hula umeme kidogo. Lakini inawaka. Mwaka wangu wa kwanza baada ya mafunzo nililetewa friji ndogo isiyopoza, nikaamini haina kitu ndani, nikawasha mtungi wa kuchomelea bila kusoma kibandiko vizuri kwa kuwa kilikuwa kimechafuka kwa mafuta. Bomba lilipofunguka kwa joto, ulimi wa moto ulitoka nyuma ya kompresa ukaunguza nywele za mkono wangu na pazia la karakana. Tulikuwa wawili na mlango ulikuwa wazi. Isingekuwa hivyo nisingeandika haya. Tangu siku hiyo sheria yangu ni kwamba kibandiko kinasafishwa na kusomwa kabla ya kifaa chochote kuguswa, kazi inafanyika penye hewa inayopita, gesi inatolewa kwa mpira hadi nje mbali na jiko na sigara, mfumo unasafishwa kwa naitrojeni, na bomba linakatwa kwa kikatio, kamwe si kwa moto. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hivyo hulala sakafuni na kusubiri cheche. Kiasi chake kwenye friji ya nyumbani ni kidogo, kwa kawaida chini ya gramu 150, na ukikosea gramu kumi friji itakuonyesha, kwa hiyo kupima kwa kiganja hakuna nafasi tena.

Na lipo linalonikera kweli. Wapo mafundi wanaojaza gesi ya kupikia kwenye friji na viyoyozi vilivyotengenezwa kwa gesi isiyowaka. Wanasema inapoza. Kwa muda inapoza, ndiyo, kwa sababu propeni na byuteni zimo ndani yake. Lakini imechanganywa kwa kiasi kisichojulikana, ina unyevu na dawa ya harufu, na inaingizwa kwenye kifaa ambacho swichi na rilei zake hazikukingwa dhidi ya cheche. Anayefanya hivyo katika chumba cha wageni waliolala anaweka kitu ambacho mimi nisingekiweka chini ya kitanda cha adui yangu.

Viyoyozi nitavieleza kwa ufupi. Nyumba za wageni na maofisi ya Mwanza zimeongezeka sana, na nyingi bado zina mashine za R-22 zenye umri mkubwa. Mwenye nyumba huuliza kiyoyozi cha bei ndogo. Mimi sasa namuuliza atakilipia umeme kwa miaka mingapi, kisha tunalinganisha vibandiko vya matumizi ya umeme, na mara nyingi ile ya inveta, yaani inayobadili kasi ya kompresa kulingana na joto la chumba, yenye R-32, ambayo kipimo chake cha joto ni 675, hushinda kabla miaka michache haijapita. Wageni huweka nyuzi 16 wakidhani chumba kitapoa haraka zaidi, jambo ambalo si kweli kwa mashine ya kawaida, ambayo husukuma ubaridi kwa kasi ile ile na tofauti ni kwamba haizimiki. Mjini kwetu, ambako upepo wa ziwa huingia jioni, nyuzi 24 zinatosha, na usiku mwingi dirisha lenye wavu linatosha zaidi. Kichujio kioshwe kila mwezi. Na fundi anayehama kutoka R-22 kwenda R-410A akumbuke kwamba mgandamizo wake ni mkubwa zaidi kwa takribani asilimia 60, hivyo geji na mipira ya zamani ibaki nyumbani.

Vifaa ndivyo vikwazo vyetu vikubwa. Pampu ya kuvuta hewa, mizani ya gramu, mtungi wa naitrojeni na mashine ya kukusanyia gesi kwa pamoja vinazidi mtaji wa karakana nyingi za Mkuyuni au Igoma, na fundi anayevitumia kwa uaminifu hutumia saa nyingi kuliko jirani yake anayejaza na kuondoka. Sisi tulichanga mafundi wanane, tukanunua seti moja, tukaandika daftari la kuazimana. Daftari limegombanisha watu mara mbili au tatu, lakini seti inafanya kazi. Ilitubidi pia kujifunza jambo ambalo hakuna kitabu cha kigeni kilichotuambia: geji ya kawaida huonyesha kwamba vakyumu kamili, yaani kutobaki hewa yoyote ndani, ni inchi 30 za zebaki, na mafundi wetu walikuwa wakiona sindano imesimama kwenye 26 wakatupa pampu nzima wakidhani ni mbovu. Pampu haikuwa na kosa. Kwa mwinuko wa Mwanza, hewa yenyewe ina uzito wa inchi 26 hivi tu, na sindano haiwezi kushuka chini ya hewa iliyopo. Mwenye geji ya mikroni, inayopima hewa kidogo sana iliyobaki, aamini hiyo, asubiri hadi 500, kisha afunge na kutazama kama inapanda.

Mtungi wa kukusanyia gesi iliyotumika haujazwi zaidi ya asilimia 80, kwa kuwa kimiminika hutanuka kwa joto na mtungi uliojaa pomoni unaweza kupasuka. Gesi safi ya aina moja tunaichuja na kuirudisha kwenye mashine ya mteja yule yule. Iliyochanganyika haifai kitu, wala hairuhusiwi kuachiliwa, na mahali pa kuiteketeza kwa joto kali hapako jirani nasi. Kwa hiyo tunaitunza. Kwenye stoo yangu kuna mitungi miwili ya namna hiyo, kila mmoja umefungwa karatasi yenye aina za gesi, uzito na tarehe ya kila kilichoingizwa, kuanzia gramu 180 zilizotoka kwenye friza ya Kirumba. Vijana wanaojifunza kwangu huniuliza kwa nini nalinda kitu kisichouzika, hasa wanapobanwa na nafasi ya kuwekea vyuma. Nawapa kalamu wasome mizani na kuandika wenyewe. Mtungi wa kwanza umefika asilimia 80, wa pili umebakiza kilo mbili, na juzi tumechanga fedha za kununua wa tatu.